Gauni la Kompyuta

Jumanne saa nne asubuhi, kompyuta ya Bi Nakshi ilizimika katikati ya nembo. Haikutoa hata mlio. Mashine ya kutarizi, ambayo haijui kitu mpaka iambiwe na kompyuta, ilisimama hapo hapo sindano ikiwa juu, na ndege wa nembo ya shule akabaki kitambaani na bawa moja.

Bi Nakshi ni jina alilopewa na mtaa, na lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye vyeti. Alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka mingi kabla ya macho kuanza kulalamika, na alipoona cherehani inamchosha hakwenda kulia kwa mtu. Alinunua mashine ya kutarizi iliyokwisha tumika na kompyuta ya kuiongoza, akajifunza zote mbili akiwa na wajukuu wawili tayari. Sasa shule, makanisa, misikiti, timu za mpira na vyuo vya wauguzi vilimletea nembo zao. Kasha la kompyuta lilikaa juu ya meza upande wa kushoto, mashine upande wa kulia, na kati yao ilipita kebo nene ya kijivu yenye skrubu mbili kichwani. Chumba kizima kilikuwa na upana wa hatua nne. Alikipenda kuliko kitanda chake.

Kwa bahati mbaya mwanawe wa kwanza aliingia wakati huo huo. Jumanne ndiyo siku yake ya kumletea mama dawa za mgongo. Kazini kwao alikuwa karani wa bohari, lakini kwenye familia alikuwa anasimamia kila mtu, ndiyo maana wadogo zake walimwita Meneja, naye hakuwahi kuudhika. Aliiangalia skrini nyeusi, akabonyeza kitufe mara tatu, akaweka kiganja juu ya kasha kama daktari wa kwenye picha.

"Imekufa, Mama," alisema.

"Imezimia."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema."

Na kweli alisema. Mwaka uliopita, baada ya mgongo kumkaba na kumlaza wiki tatu, familia ilikaa kikao sebuleni kwake, na kila aliyefungua mdomo alisema mama apumzike. Apumzike, apumzike, mpaka akahisi wanamzika na huku anawasikia. Meneja alikuwa na chumba cha nyuma, chenye dirisha na choo chake, na kwa nini mama akae peke yake katika nyumba hii? Bi Nakshi, kwa hasira tu na kwa kutaka watu waondoke, akasema: "Siku kompyuta hii ikifa, nafunga kazi, nahamia kwako. Mmeridhika?" Watu wakacheka, wakanywa chai. Lakini wifi yake, dada wa marehemu mumewe, hakucheka. Wifi yule ni mtu wa kuyahifadhi maneno ya watu kama wengine wanavyohifadhi risiti, na alilihifadhi na hilo.

Meneja alimpigia simu shangazi yake huyo palepale, amesimama karibu na meza. Shangazi, imekufa. Ndiyo, Shangazi. Jumamosi, Shangazi. Alipokata simu alimweleza mama yake kwa upole mkubwa, na upole huo ndio uliomkera Bi Nakshi zaidi, kwamba Jumamosi wangekuja wote watatu, yeye, mkewe na Shangazi, wamsaidie kufunga begi dogo. Vyombo vingine vingefuata. Wala asihuzunike, angemnunulia laptopu mpya, nyepesi, ya kuangalia picha za wajukuu akiwa amejinyoosha kitandani.

"Na ndege?" Bi Nakshi aliuliza.

"Ndege gani, Mama?"

Alimsindikiza mlangoni, akarudi, akakaa kwenye kiti chake na kushika tama kwa dakika moja hivi. Kisha akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba yeye hafungiwi begi na mtoto aliyemfunga nepi.

Kompyuta ilipopoa aliijaribu tena, ikawaka. Ila iliwaka kwa kujivuta. Alichemsha chai, akainywa, akaosha kikombe, akakifuta, na bado kile kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka kwenye skrini. Alipofungua picha ya nembo, ikazimika tena. Basi maradhi yalikuwa mawili, akajisemea: kuchelewa na kuanguka. Hata yeye mwenyewe alikuwa nayo yote mawili na hakuna aliyemtupa. Bado.

Jumatano asubuhi alilifunga kasha kwenye shuka na kulipeleka kwa Fundi Redio. Ni mzee mwenye kibanda cha mabati pembeni mwa soko, aliyetengeneza redio mpaka watu wakaacha kuzinunua, kisha akahamia kwenye kompyuta bila kubadilisha kibao cha mlangoni. Alikuwa na tabia ya kuongea na mashine anazozitibu, na ya kutoongea sana na wenye mashine. Alilifungua shuka, na hapo akaacha kazi, akavua miwani, akaivaa tena.

Kompyuta ilikuwa imevaa gauni.

Lilikuwa gauni hasa. Mahameli ya buluu, lesi nyeupe kwenye pindo, zipu nyuma, na maua saba yaliyotariziwa kifuani. Bi Nakshi alilishona mwaka ule ule alionunua kompyuta, kwa sababu mtu haachi kitu cha thamani kikae uchi kwenye chumba chenye vumbi. Alikuwa amechukua vipimo kama vya bibi harusi. Lilibana vizuri pande zote na kuacha wazi kitufe cha mbele na matundu ya waya tu.

Fundi aliuliza ni nani aliyeivalisha. Akajibiwa. Akauliza huvuliwa lini. Bi Nakshi akasema Jumapili, gauni likifuliwa, na Jumapili jioni huvalishwa tena. Fundi hakucheka, ila mabega yake yalitikisika kidogo. Akaivua, akafungua skrubu nne, akauondoa ubavu wa kasha, na wote wawili wakachungulia.

Ndani palikuwa na godoro. Vumbi la pamba na mahameli, na vipande vya nyuzi vya miaka yote, vilikuwa vimejikanda pamoja na kuziba kila tundu. Feni ilikuwa imevishwa soksi ya nyuzi za rangi saba. Bi Nakshi aliitambua ile kijani, ya wauguzi, miaka mitatu nyuma. Aliitambua na ile ya dhahabu.

Aliona aibu, na aliiona mpaka masikioni. Siku mbili alikuwa akiilaani kompyuta, akimlaani mwanawe, akiwalaani waliotengeneza kompyuta, kumbe aliyekuwa akiikaba koo ni yeye, kwa mkono wake na kwa lesi nyeupe. Alimwambia Fundi wazi kwamba yeye ndiye mjinga. Fundi akasema la, yeye ni mshonaji, na mshonaji akiona kitu hukishonea. Ila hii haisikii baridi. Inasikia joto, na umeivalisha koti.

"Itapona?" Bi Nakshi aliuliza.

"Haijafa. Lakini nisikilize mpaka mwisho, usije ukakimbilia dukani na mkoba wazi."

Na Fundi Redio, ambaye kwa kawaida hakuongea na watu, aliongea. Kuanguka kunatokana na joto. Hilo angelitibu kwa brashi, kwa feni mpya aliyokuwa nayo na kwa ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya moyo wa kompyuta ili joto lipite. Kuchelewa ni jambo jingine. Diski iliyomo ni ya zamani, ya sahani inayozunguka, imezeeka. Atafute ile mpya isiyozunguka, wanayoiita SSD. Halafu aongeze RAM, ule ubao mwembamba wa kumbukumbu, kwa sababu uliopo ni mdogo na kompyuta inafanya kazi kama mtu anayekata kitambaa kikubwa juu ya kigoda. Vitu hivyo viwili tu. Asinunue kompyuta nyingine kabla hajajua aliyonayo inakosa nini. Watu wengi hununua kasha jipya kwa sababu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Kisha akaligeuza kasha, akaweka kidole kwenye lile tundu la kebo nene. Alisema kompyuta za siku hizi hazina tundu hili. Kuna vibadilishi vya kununua, ndiyo, lakini alikwisha jaribu viwili kwenye mashine za kutarizi za aina hii, na vyote vikakataa. Tena programu yake ya nembo, kampuni iliyomuuzia si ilishafungwa? Ilishafungwa. Basi haiwezi kuwekwa upya mahali pengine. Itabidi diski ya zamani inakiliwe yote kwenye mpya, vilevile ilivyo, na hiyo ya zamani isitupwe.

Bi Nakshi aliyasikia hayo ya tundu. Aliyaweka moyoni kwa ajili ya Jumamosi.

Fundi alitaka kumwandikia namba za RAM kwenye karatasi. Akazikubali, lakini akaomba na ubao wenyewe. Alitoa kipande cha karatasi ngumu kwenye mkoba wake, akaulaza ubao juu yake, akauchora ukingo wote kwa penseli yenye ncha, urefu, upana, na lile pengo dogo lililo upande wa chini wenye meno ya dhahabu. Kisha akakata kwa mkasi, polepole, ulimi ukiwa umechomoza kidogo, kama alivyokata kiolezo cha kila kola na kila kwapa tangu akiwa msichana. Alimwambia Fundi kwamba namba humtoroka, ila umbo la kitu halijawahi kumtoroka. Fundi akaitazama ile karatasi kwa heshima. Akasema pengo ndilo la kushika: ubao wa kizazi kingine unaweza kulingana na huu kwa urefu, lakini pengo lake liko mahali pengine, na hapo hapana ubishi.

Alhamisi alikwenda mjini, kwenye duka kubwa lenye vioo. Aliyemhudumia alikuwa mwanamume nadhifu mwenye shati jeupe na nembo ya duka kifuani, naye alianza kumwongelesha taratibu na kwa sauti kubwa, kama vile kuuliza kuhusu diski ni dalili ya uziwi. Mama anatafuta kwa ajili ya mjukuu? Mama anatafuta kwa ajili yake mwenyewe. Muuzaji akatabasamu. Kompyuta ya zamani kiasi hicho, mama, hiyo ni skrepa, usiitilie hela. Akamwongoza mpaka kwenye kasha refu jeusi lenye kioo ubavuni na taa za rangi zinazowaka na kuzimika ndani.

Bi Nakshi akasema taa anayo, inaning'inia darini. Yeye ametumwa diski ya SSD na RAM, na namba hizi hapa.

Muuzaji aliisoma karatasi kwa jicho moja, akaingia ndani, akarudi na ubao kwenye mfuko wa plastiki. Ndiyo huu. Bi Nakshi akaomba autoe. Akafungua mkoba, akatoa kiolezo chake, akakilaza juu ya meza ya kioo na kuulaza ubao juu yake. Urefu ulilingana. Pengo lilikuwa limesogea pembeni, kwa upana wa ukucha labda.

"Huu si wangu," alisema.

"RAM ni RAM, mama. Ukiibonyeza inaingia."

"Mwanangu, hata mkono wa kushoto wa shati unaingia kwenye bega la kulia, ukiubonyeza. Nenda ukanitafutie wenye pengo hapa."

Mteja wa nyuma yake alisogea kuchungulia. Mwingine naye akasogea. Muuzaji alikuwa amepoteza kile kisauti cha juu. Alirudi ndani, na safari hii alikaa muda. Ubao alioleta ulikaa juu ya karatasi bila kuzidi wala kupungua. Lakini haukuwa kwenye mfuko, na meno yake yalikuwa na michubuko. Umetumika? Umetumika kidogo, akakiri, mpya za aina hii hazitengenezwi tena. Basi auchomeke kwenye mashine yake ya majaribio mbele ya macho ya mteja. Akauchomeka. Ukasomeka. Kwenye diski alimletea kubwa kupita kiasi, Bi Nakshi akamwambia nembo zake zote za miaka yote hazijazi hata robo ya hiyo, amletee ya kiasi, ila iwe imefungwa kiwandani, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti na kugongwa muhuri. Kama haikukubali, anairudisha ndani ya siku ngapi? Siku saba? Hilo nalo liandikwe.

Alipokwisha kuweka kila kitu mkobani alimwangalia yule muuzaji kifuani. Alimwambia kwamba aliyewatarizia nembo hiyo aliacha uzi wa chini ukiwa umelegea, na ikifuliwa mara nyingine mbili herufi ya kwanza itafumuka. Akitaka imshonewe vizuri, Bi Nakshi anapatikana. Akatoka. Huko nje, kwenye kona ambapo hakuna aliyemjua, alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha umri wake.

Ijumaa hakubanduka kwenye kibanda cha Fundi Redio. Kunakili diski kulianza asubuhi na kulimalizika jua likiwa limeshapinda, na muda wote alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji. Alikuwa akimfikiria mwanawe. Hilo ndilo lililomchosha, kwamba hakuweza hata kumchukia vizuri. Ni Meneja aliyemkuta mwaka uliopita amelala sakafuni, kati ya meza na mlango, mgongo umekataa, sindano ya mkono bado ikiwa vidoleni. Alimbeba. Mtu mzima na tumbo lake, alimbeba mama yake mpaka barabarani akilia bila kujificha. Na tangu siku ile alikuwa anamwangalia kama mtu anavyoiangalia glasi iliyowekwa ukingoni mwa meza. Bi Nakshi alimpenda na alikuwa amechoshwa na macho hayo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililopunguza jingine.

Fundi alichomeka RAM, akafunga ubavu, akampa heshima ya kubonyeza kitufe. Bi Nakshi akabonyeza, akainama kuchukua chupa yake ya chai kwa kuwa alijua subira inayofuata. Aliponyanyuka, skrini ilikuwa wazi na picha zake za nembo zimejipanga. Akaketi. Akasema, "Hee." Fundi akamkabidhi diski ya zamani, akamwagiza aifunge kwenye kitambaa na kuiweka kabatini, maana hiyo sasa ndiyo akiba yake siku mambo yakiharibika.

"Hiyo unaweza kuishonea gauni," akaongeza. "Hiyo haipumui."

Jioni ile, nyumbani, alilitandaza gauni la mahameli mezani na kulitazama. Kisha akachora kwa chaki mahali palipo na matundu ya hewa, nyuma, ubavuni na juu, akachukua mkasi mkubwa. Kukata nguo iliyokwisha kushonwa vizuri kunauma, na aliyewahi kushona anajua. Alikata. Akapiga pindo kuzunguka kila dirisha, na kwenye daftari la kazi akaandika kwamba kila Jumapili gauni likivuliwa, kasha lifunguliwe na kupigwa brashi.

Jumamosi walikuja saa tatu kamili, maana Meneja huwa hachelewi. Alibeba boksi la laptopu. Mkewe alibeba mfuko wenye shuka mpya na foronya, vya kitanda cha chumba cha nyuma, akamwonyesha mama mkwe wake rangi, akiwa na wasiwasi kama ataipenda. Bi Nakshi alisema rangi ni nzuri, na hakuwa akidanganya. Wifi aliingia wa mwisho, akakaa kwenye kiti chenye mikono, akaweka fimbo yake mapajani.

Meneja alitoa hotuba. Alizungumzia mgongo, umri, mapenzi ya watoto, na kwamba mama alitoa neno lake mwenyewe mbele ya Shangazi, hakuna aliyemlazimisha. Wifi akaitikia kwa kichwa. Kisha Meneja akafungua boksi na kuitoa laptopu, nyembamba kama sahani, akaiwasha, na kweli ilipendeza.

Bi Nakshi akashukuru. Alisema ni zawadi kubwa na Mungu amzidishie. Halafu akachukua ile kebo nene ya kijivu kutoka kwenye mashine ya kutarizi, akamwekea mwanawe mkononi kichwa chake chenye skrubu mbili.

"Niunganishie basi, baba. Ndege wangu tangu Jumanne ana bawa moja."

Meneja akaigeuza laptopu upande wa kushoto. Akaigeuza kulia. Akaiangalia nyuma, akaifunga, akaiangalia tumboni. Mkewe akainama kumsaidia kutafuta. Kebo ilikuwa nene kuliko laptopu yenyewe.

"Tundu liko wapi?" Wifi aliuliza kutoka kwenye kiti.

Meneja alisema kuna vitu vya kununua, vya kuunganisha. Bi Nakshi akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba vitu hivyo vimejaribiwa na vimekataa, kwamba programu yake haiwezi kuhamia humo, na kwamba mtu asinunulie kazi ya mwenzake chombo kabla hajauliza kazi hiyo inafanywaje. Akaichukua kebo mkononi mwake. Akazizungusha skrubu zake mbili kwenye kasha lililovaa gauni la madirisha, akabonyeza kitufe. Wifi alikuwa ndiyo kwanza anaitafuta miwani mkobani aone kitakachotokea, na alipoivaa kilikuwa kimekwisha tokea: nembo zote zimejipanga kwenye skrini, na feni inavuma taratibu.

"Aliyesema imekufa ni nani?" Wifi aliuliza.

Meneja aliweka mkono wake juu ya meza, akaegemea, na sura yake ya kimeneja ikamtoka.

"Mama, si kompyuta," alisema. "Nilikukuta sakafuni."

Bi Nakshi alikuwa ameyasubiri maneno hayo mwaka mzima, na yalipokuja yalimuuma kama alivyojua yatauma. Lakini hakutazama chini.

"Ulinikuta sakafuni siku moja," alisema. "Siku nyingine zote umenikuta kwenye kiti hiki. Hizo mbona huzihesabu?"

Kisha akamgeukia mkwewe na kumwomba foronya. Yule akampa, bila kuelewa. Bi Nakshi aliikaza kwenye fremu ya akiba, akamsogeza ndege wa bawa moja pembeni, akaketi mbele ya skrini na kuandika kwa vidole viwili. Mashine ikaanza. Chumba kizima kilijaa mlio wake, na watu wanne wakawa wanaitazama sindano inavyopanda na kushuka, mkwe akiwa mdomo wazi, Wifi akiwa amejongeza kiti. Ilipokwisha alikata uzi, akaitoa foronya, akaipiga pasi kwa kiganja, akampa mwanawe.

Herufi zilikuwa tano, za buluu, zimenyooka, na uzi wa chini umekazwa. Meneja alizisoma kimoyomoyo. Ikabidi Wifi anyooshe shingo na kuzisoma kwa sauti.

"MGENI."

Mkwe ndiye aliyecheka kwanza, akajiziba mdomo na kiganja.

"Tandikeni kitanda," Bi Nakshi alisema. "Nitakuja. Ijumaa jioni nitakuja, nitakula, nitawasimulia wajukuu zangu hadithi, na Jumapili narudi kwangu, maana Jumapili kuna kasha la kupiga brashi. Na wewe utanipigia simu kila asubuhi. Ukipiga mara mbili nisipokee, ndipo uje unibebe."

Meneja akamtazama shangazi yake, kama mtu anayetafuta rufaa. Wifi aliivua miwani, akairudisha mkobani, akaufunga mkoba.

"Mimi nilisikia akisema ikifa," alisema. "Na hii naiona inapumua."

Meneja alikuwa bado amesimama, foronya katika mkono mmoja, akipitisha kidole gumba juu ya herufi. Mkono wake mwingine ulikuwa mezani, juu ya kitambaa cha nembo ya shule. Bi Nakshi alikuwa amekwisha mgeukia ndege wake.

"Toa mkono, baba," alisema. "Nina kazi."

Akautoa.